Mume dereva wa lori, mimi muuguzi, watoto watatu: tushukie wapi Marekani?

Swali: "Tuko Mombasa. Kaka yangu alituombea visa ya familia miaka mingi iliyopita, na sasa tumeitwa kwa mahojiano, alhamdulillahi. Mimi ni muuguzi mwenye diploma. Mume wangu ni dereva wa malori ya masafa, Mombasa hadi Malaba na Kampala. Watoto wana miaka 16, 11 na 4. Kaka anaishi Arlington, Texas, na mkewe na watoto katika nyumba ya vyumba viwili. Binamu ya mume wangu yuko Brooklyn Park, karibu na Minneapolis, anasema huko serikali inajali watu. Rafiki yangu wa chuoni anatuambia tuwaache wote twende Seattle, mishahara ni mikubwa. Nimesoma orodha za miji bora mtandaoni, kila moja ina mshindi wake. Tena nasikia kwamba aliyekuombea akiwa Texas, nawe lazima ukae Texas. Mimi sijui kuendesha gari. Kwetu sisi mji gani ni bora?"

Jibu:

Dada, hongereni. Foleni ya kuombewa na ndugu ni ndefu kuliko zote, na wengi hukata tamaa kabla ya kuitwa. Katika swali lako nasikia hofu mbili: ya kukosea mji na ya kuwakosea ndugu. Hiyo ya pili hukuitaja waziwazi, lakini ndiyo itakayowaamulia mambo mengi katika miezi ya kwanza, kwa hiyo nitaifikia.

Kwanza tuondoe hilo la kulazimika kukaa Texas. Si kweli. Mkishaingia kwa visa ya ukaazi, mnaweza kuishi jimbo lolote. Alichosaini kaka yako, ile fomu I-864, ni ahadi ya kifedha kwa serikali kwamba hamtakuwa mzigo, na haimfungi mtu kuishi mtaa mmoja na aliyemwombea. Ahadi hiyo haiishi upesi: inamfuata mpaka mpate uraia, au mfikishe takriban miaka 10 ya kazi iliyohesabiwa, na mambo mengine machache. Mkihama mnatakiwa kuiarifu idara ya uhamiaji anwani mpya ndani ya siku 10. Hilo ndilo sharti, na watu hulisahau.

Kuna sababu moja tu ya kiofisi ya kushukia kwenye anwani ya mtu unayemwamini: kadi zenu za kijani (green card, za ukaazi) zitatumwa kwa posta. Ukiandika anwani ya rafiki wa rafiki, kisha ukahama wiki ya tatu, unaweza kuisubiri kadi miezi huku imekaa kwenye sanduku la barua la mtu mwingine.

Sasa hizo orodha. Zinatofautiana kwa sababu kila mtungaji anapima chake: mmoja hewa na bustani, mwingine bei za nyumba, mwingine mikahawa. Karibu zote zinamfikiria mtu aliye na kazi tayari, gari, na historia ya mikopo. Ninyi mtafika bila hata kimoja. Kasoro kubwa zaidi ni kwamba orodha inazungumzia "mji", wakati mambo mengi yatakayowagusa hayaamuliwi na mji. Leseni yako ya uuguzi, bima ya afya ya wenye kipato kidogo, ushuru wa mapato na ada ya chuo kikuu cha umma huamuliwa na jimbo. Shule ya watoto huamuliwa na wilaya ya shule ambamo nyumba yenu imeangukia. Kuvuka barabara moja kunaweza kukubadilishia shule. Kuna basi au hakuna? Hilo ndilo la mji. Kwa hiyo hapo mna maamuzi matatu, na mnaweza kupatia moja mkakosea jingine.

Nianze na leseni yako. Hakuna leseni ya uuguzi ya Marekani nzima. Unaomba kwa bodi ya jimbo fulani, vyeti vyako vinatathminiwa (shirika la CGFNS, siku hizi likiitwa TruMerit, ndilo linalotumika sana), unapimwa Kiingereza kwa kadiri bodi inavyotaka, kisha unafanya mtihani wa NCLEX-RN. Mtihani ni mmoja kote, ukifaulu umefaulu, lakini karatasi zinazodaiwa kabla ya kukaa kwenye kiti hutofautiana. Kisha kuna mkataba wa leseni wa majimbo zaidi ya 40: muuguzi aliyesajiliwa katika jimbo mwanachama akitimiza masharti anaweza kufanya kazi katika majimbo mengine ya mkataba kwa leseni hiyohiyo. Texas imo na Washington imejiunga, ila Minnesota bado iko nje. Kwa muuguzi ambaye huenda akahama baada ya miaka miwili, hilo si jambo dogo.

Mpaka leseni itoke, na usishangae ikila mwaka, utafanya walichofanya wauguzi wengi waliokutangulia: kazi ya CNA, yaani kuwahudumia wazee na wagonjwa kitandani. Sheria ya nchi inataka mafunzo ya saa 75 kwa uchache, majimbo mengine huongeza. Kazi hiyo ipo kila mji uliotaja. Itakuchoma moyo siku utakapoagizwa kubadilisha shuka na kijana ambaye Mombasa angekuita sista, lakini inalipa kodi ya nyumba, na hospitali na nyumba nyingi za wazee hupandisha watu wao wenyewe.

Mshahara wa Seattle ni kweli ni mkubwa. Mwaka 2025 kima cha chini cha jimbo la Washington kilikuwa dola 16.66 kwa saa, na Seattle penyewe dola 20.76. Minnesota ilikuwa 11.13. Texas inafuata kima cha taifa, dola 7.25, ambacho hakijaguswa tangu 2009, ingawa waajiri wengi wa Dallas, jiji lililo karibu na Arlington, hawapati mtu kwa pesa hiyo na hulipa zaidi. Lakini rafiki yako amekutajia mshahara bila kukutajia kodi ya nyumba. Wenye nyumba wengi hutaka uoneshe kipato mara tatu ya kodi ya mwezi, pamoja na rekodi ya mikopo ambayo mgeni hana. Kwa familia ya watu watano inayohitaji vyumba vitatu, Seattle na vitongoji vyake ni mlima. Na huko hamna ndugu. Ningeiondoa Seattle mezani leo, mkairudie ukiwa na leseni mkononi, maana kwa muuguzi aliyesajiliwa ni soko zuri.

Zimebaki Arlington na Brooklyn Park. Hapa ndipo pagumu, kwa kuwa pande zote mbili zina haki.

Utasikia kwamba Texas haina ushuru wa mapato. Kweli, haina. Ila inajilipa kupitia ushuru wa nyumba, ulio mzito, na mwenye nyumba huutia ndani ya kodi unayolipa wewe. Minnesota inakata mapato kuanzia asilimia 5.35, lakini pia inawapa wazazi wenye kipato cha chini hadi dola 1,750 kwa mwaka (kiwango cha 2025) kwa kila mtoto aliye chini ya miaka 18, na tangu 2023 watoto wote wa shule za umma wanakula kifungua kinywa na chakula cha mchana bure. Mkiwa na watoto watatu na mishahara ya kuanzia, basi, hesabu ya ushuru haiipi Texas ushindi kama watu wanavyodhani. Itaupata baadaye, mkianza kulipwa vizuri.

Bima ndiyo inayonikosesha raha kuhusu Texas. Mwenye kadi ya kijani kwa kawaida husubiri miaka 5 kabla ya kustahili Medicaid, bima ya serikali ya wenye kipato kidogo. Watoto wameachiwa mlango katika majimbo mengi, Texas na Minnesota zikiwemo, kwa hiyo hao watatu wana njia. Shida ni ninyi wawili. Texas ni mojawapo ya majimbo 10 yaliyokataa kupanua Medicaid kwa watu wazima, kwa hiyo mtategemea bima ya mwajiri au ya kununua. Minnesota ina MinnesotaCare, bima ya jimbo ambayo mtu huchangia kulingana na anachopata. Masharti ya wahamiaji katika bima hizi yamekuwa yakibadilishwa sana, kwa hiyo ulizia ya mwezi utakaofika, usitegemee ya binamu aliyefika zamani. Lakini kama mmoja wenu ana kisukari, presha, au una mpango wa mtoto wa nne, jibu langu linageuka hapa hapa: nendeni Minnesota.

Kijana wa miaka 16 ana saa yake. Ana miaka miwili hivi ya sekondari, kisha chuo. Vyuo vikuu vya umma hutoza wakaazi wa jimbo ada ndogo na wa nje ada kubwa, mara nyingi zaidi ya maradufu, na majimbo mengi hutaka uwe umekaa humo mwaka mzima kabla. Maana yake, jimbo mtakaloshukia ndilo atakalosomea. Mkianza Texas mkahamia Minnesota akiwa mwaka wa mwisho, mnaweza kujikuta mnadaiwa ada ya wageni. Tena Texas humtaka mwanafunzi afaulu mitihani ya jimbo katika masomo kadhaa ndipo ahitimu, ikiwemo historia ya Marekani ambayo hajaisoma kamwe. Minnesota haina mtihani wa namna hiyo. Na tangu 2024 Minnesota imefuta karo katika vyuo vyake vya umma kwa wakaazi ambao familia zao hupata chini ya dola 80,000 kwa mwaka. Binamu yenu anaposema serikali inajali watu, hatii chumvi.

Sasa mume wako, na hapa naomba msome wote wawili.

Miaka yake ya barabara ya Malaba ni mali, lakini kwenye karatasi za Marekani itaanza na sifuri. Leseni ya Kenya haibadilishwi kuwa ya lori. Ataanza na leseni ya gari dogo, ajizoeshe kuendesha kulia, kisha aingie mafunzo ya leseni ya biashara, ambayo tangu Februari 2022 ni lazima yafanyike kwa mkufunzi aliyesajiliwa. Kiingereza atapimwa kwa dhati, barabarani pia. Sheria inamruhusu kuendesha saa 11 tu ndani ya zamu ya saa 14, na kifaa kilichofungwa kwenye lori ndicho kinachohesabu, kwa hiyo ile ya kukesha hadi mpakani aisahau.

Kampuni zinazochukua madereva wapya wasio na rekodi ya nchini kwa kawaida huwapa safari za masafa. Wiki mbili, wiki tatu, hajalala kwake. Ipange picha hiyo: yeye yuko Nebraska, wewe una zamu inayoanza saa 12 asubuhi, mtoto wa miaka 4 anahitaji kupelekwa kulelewa, na hujui kuendesha. Arlington ina watu zaidi ya 350,000, na haina mfumo wa kawaida wa mabasi. Sisemi mabasi ni machache. Hakuna njia wala kituo cha kusimama ukangoja. Kuna gari dogo la abiria unaloliita kwa simu, nalo huja likijaaliwa. Ukitoka hapo kwenda hospitali ya Fort Worth, mji jirani, saa 11 alfajiri, ni kaka au wifi aamke, au ulipe teksi itakayokula nusu ya ulichokwenda kutafuta. Brooklyn Park ni kitongoji na basi lake si la kila dakika, lakini Metro Transit inafika.

Mbona basi nisiseme Minnesota mara moja? Kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kazi ya mume. Dallas na Fort Worth ni mojawapo ya vituo vikubwa vya mizigo nchini; barabara kuu za I-20, I-30, I-35 na I-45 zote zinakutana eneo hilo. Dallas hadi Houston ni kama kilomita 385, pungufu ya Mombasa–Nairobi. Dereva anaondoka alfajiri, anashusha, anarudi, anaoga kwake usiku, na bado yuko ndani ya saa zake 11. Safari kama hizo kule zipo tele akishapata mwaka mmoja wa rekodi. Kwa familia yenye mtoto mdogo, baba anayelala nyumbani ni sehemu ya "ubora wa mji", ingawa hakuna orodha inayompima. Asikubali tu mkataba wa "lori litakuwa lako ukimaliza kulilipa" katika miaka hiyo ya mwanzo. Wengi humaliza miezi wakiwa wamemlipa tajiri na hawajajilipa wenyewe.

Ya pili ni kwamba kaka yako ni kaka yako. Mtu wa kukupokea uwanjani, kukusimamia kwenye ofisi ya namba ya Social Security (hifadhi ya jamii), kukufundisha gari Jumapili kwenye uwanja mtupu wa maegesho, kukudhamini kwa mwenye nyumba. Huyo ana thamani kuliko dola tano za ziada kwa saa. Binamu ya mume anaweza kuwa mtu huyo. Anaweza pia kuwa mtu wa maneno matamu kwenye simu. Mimi simjui, ninyi mnamjua.

Hapo nirudie ile hofu uliyoificha. Vyumba viwili, familia yao na yenu: msiende mkidhani mtajibana mpaka mambo yakae sawa. Mikataba mingi ya upangaji huorodhesha majina ya wakaaji, na mgeni anayezidi wiki kadhaa anaweza kumletea kaka barua ya kumtoa. Na usimuulize kaka, atakwambia karibuni hata kama atalala jikoni. Mpigie wifi. Muulize yeye, peke yake, kwa upole lakini wazi: tukae muda gani, tuchangie kiasi gani, nani atanipeleka kazini mwezi wa kwanza. Akisita, umeshajibiwa, na usimkasirikie.

Kuhusu baridi, nitasema kidogo kwa sababu watu huiongelea kupita kiasi. Usiku wa Januari Minneapolis ni wastani wa nyuzi 13 chini ya sifuri. Nguo nzuri hutibu hilo. Kinachowashinda wengi ni giza la saa 11 jioni na upweke wake, pamoja na adha ndogondogo: theluji ikizidi, jiji hutangaza dharura, na ukiacha gari upande usioruhusiwa siku hiyo linavutwa, unalikomboa kwa pesa. Texas nako si peponi. Kiangazi hupita nyuzi 38, na Februari 2021 baridi kali iliangusha umeme wa jimbo, mamilioni wakakaa gizani kwa siku. Usalama? Kote kuna mitaa mizuri na mibaya, na mpaka kati yake unaweza kuwa njia panda moja. Tembeeni mtaa usiku kabla ya kusaini.

Basi, mkiwa na afya njema na wifi akakubali kwa moyo, mimi ningeshukia Texas kwa kaka, kwa miezi miwili hadi mitatu, halafu nipange nyumba, si lazima Arlington. Fort Worth, upande wa pili tu, ina mabasi ya Trinity Metro, na kaka bado yuko karibu. Sharti langu ni moja: somo la gari lianze kwako kabla ya kwake. Yeye atakuwa na shule ya malori. Wewe ukikosa leseni ya gari, nyumba nzima inasimama. Wifi akisita, au afya ya mmoja wenu ikiwa na mgogoro, chagueni Minnesota bila kujilaumu. Mkishachagua, msihame jimbo mpaka kijana aingie chuo.

Kuna mambo ambayo mimi siwezi kuyamaliza kwa maandishi. Kama kuna jambo lolote la polisi, ndoa ya awali, au mtoto ambaye karatasi zake hazilingani, muoneni wakili wa uhamiaji au mwakilishi aliyeidhinishwa na Wizara ya Sheria ya Marekani kabla ya mahojiano, wala si mtu wa "nitakujazia fomu". Mkishafika, namba 211 huwaelekeza kwenye misaada ya karibu, kati ya Februari na Aprili wapo wanaojaza marejesho ya ushuru bure chini ya mpango uitwao kwa kifupi cha Kiingereza VITA, na mshauri wa masomo wa shule ya kijana aonwe wiki ya kwanza, mkiwa na ripoti zake zote za muhula zilizopigwa muhuri. Na wenye miaka 18 na zaidi watembee na kadi ya kijani mfukoni. Ndivyo sheria inavyosema, na siku hizi huulizwa.

Visa ikitoka huwa na muda wa hadi miezi 6, kwa hiyo mwezi wa kuingia mnauchagua wenyewe. Chagueni Juni au Julai. Texas hufungua shule katikati ya Agosti, na kijana akianza siku ya kwanza na wenzake atahesabiwa masomo kwa urahisi zaidi. Kabla ya hapo, wewe nenda Baraza la Wauguzi na chuo chako, uanzishe utumaji wa rekodi zako moja kwa moja kwenda kwa watathmini, ukiwa bado unaweza kukaa kwenye benchi la ofisi yao mpaka karani achoke kukuona. Ukiwa Texas utabaki kupiga simu isiyopokelewa, kwa tofauti ya saa 8 au 9.